Katoni Chini ya Gari

Ekero, 14 Agosti 1994

Mdogo wangu Abdulfatah,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima. Miwa ya nyuma ya nyumba imekatwa, na shemeji yako Swafia amejifungua msichana. Mama bado anakupakulia chakula, kisha anakirudisha sufuriani.

Ile Pijo ya Baba iliendelea kumaliza petroli hata baada ya wewe kuondoka. Unakumbuka nilivyolaza katoni chini yake usiku nione kama inavuja, asubuhi nikaikuta kavu, nikamwambia Baba basi petroli unaiuza wewe. Uliapa kwa Msahafu. Nikasema mwizi haogopi kiapo.

Juzi nilifungua boneti injini ikinguruma. Petroli ilikuwa ikidondoka kwenye paipu ya kabureta na kukaukia palepale juu ya injini moto. Ukizima gari, haidondoki tena. Paipu ilikuwa imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimelainika kama uji mzito. Ndugu yangu, kipande hicho nilikifunga mimi, kabla hujaanza kuliendesha gari hilo. Na kila fundi anajua petroli hula tyubu.

Nimeweka paipu mpya. Baba aliponiuliza, nilimwambia ni uzee wa gari. Akauliza kama nina anwani yako. Nikasema sina.

Kipande chenyewe nimekutilia ndani ya bahasha hii. Njoo nacho umwonyeshe. Mimi nimejaribu mara tatu, mdomo haufunguki.

Kaka yako,
Mubarak