Jina Lako Nililolifuta

Dada yangu,

Mama hajambo, goti limepoa. Ile programu uliyoandika ya kupanga foleni ya wagonjwa tunaitumia hapa hospitalini. Uliigawa bure kwa yeyote, ukaomba jambo moja tu kwenye leseni ya kuitumia: jina lako lisiondolewe. Mimi nililifuta, nikaweka langu.

Jana hospitali jirani waliomba nakala. Mkuu wangu akanisifu mbele ya wote, nikashindwa kuinua uso.

"Kaiandika dada yangu," nikasema.

"Na yeye anajua umeweka jina lako?" mkuu akauliza.

Nikarudi kwenye kompyuta.

Jina lako nimelirudisha, na nakala yao imeondoka nalo. Kukupigia simu nimeshindwa, maana najua ungenisamehe kabla sijamaliza kusema.

Ni mimi mdogo wako, na aibu zangu.