Saa Iliyorudi Sifuri

Pune, India

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Mgongo wake unaendeleaje na baridi hiyo ya Mkumbi? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Barua ya dada Tekla nimeipata. Kumbe kikundi cha wakulima kimekuvua uenyekiti, na kanisani watu wakitakiana amani wanakuruka! Nilipandwa na hasira, nikatafuta wa kumkasirikia, nikajikuta ni mimi.

Ile mashine ya kuoshea kahawa mliyoinunua kwa maneno yangu, saa yake inasomwa na programu ndogo niliyoiandika kwa mikono hii. Nafasi niliyoipa ya kuhesabia sekunde ni finyu. Zikipita saa kumi na nane inajaa, hesabu inarudi sifuri kimyakimya. Huku kuna joto, kahawa ikivundikwa usiku mmoja iko tayari, hivyo hakuna aliyeliona kosa. Kwa baridi ya Mkumbi, kahawa hulala tangini karibu siku mbili. Mimi niliyekulia kwenye kahawa nikasahau hilo! Mliiwekea saa arobaini, ingefikaje? Kila ikijaa inaanza upya, na maji hayafunguki.

Wewe, msimamizi wake, ulitia mkono tangini, ukasugua punje, ukasikia zinakwaruza kama changarawe, ukasema, "Hii tayari, tuioshe." Lakini ulikuwa na barua yangu: "Baba, mambo ya mkono yamepitwa na wakati. Iachie mashine." Ukanisikiliza mwanao. Kahawa ya kikundi kizima ikanuka, na hawa wanunuzi binafsi wasio na mjomba wakageuza gari.

Kosa nimelirekebisha. Mistari miwili tu, Baba, hata chai haikupoa. Meneja wa kampuni yetu akafurahi, akasema mashine mpya zitoke hivyo, ila watu wa Mkumbi wajibiwe kwamba msimamizi alichelewa kufungua maji. Nilibisha. Akaniuliza kama bado nakitaka kibali changu cha kazi.

Tekla anasema mlishangaa kampuni ya ng'ambo imejulia wapi Kiswahili kizuri vile. Ni changu. "Uzembe wa msimamizi" niliandika mimi, nikijua msimamizi ni nani.

Nisalimie Tekla, na shangazi aliyenilea. Katibu wa kikundi naye msalimie. Ile barua ya kampuni aliisoma mbele ya watu baada ya misa. Na hii mpe aisome pale pale, asiruke neno.

Mwanao aliyekuumbua,
Osmunda