Zamu ya Kukata Upepo

Kambini, nyuma ya Mto Yser
Oktoba 9, 1916

Dada yangu mpendwa Godelieve,

Pokea salamu za mdogo wako, nikiomba zikukute mzima hapo Kales, na kile kikohozi kiwe kimekuachia tangu ulipoacha kufua mashuka ya hospitali. Mimi mwili haujambo. Nalala kwenye zizi lisilo na ng'ombe, nakula viazi, na baiskeli yangu bado inakwenda.

Barua yako ilifika Jumapili. Umesema mtoto atazaliwa mwezi ujao, akiwa wa kiume ataitwa Odiel kama marehemu baba yake, nawe unataka mimi niwe baba yake wa ubatizo, nimshike kwenye kisima cha kanisani, maana mume wako alikufa akinikinga. Nimeisoma mpaka karatasi imechakaa. Kila nikifika hapo naikunja.

Kabla hajawa shemeji yangu, nilikuwa fundi wa magurudumu ya baiskeli yake ya mashindano. Nilikuwepo alipoingia mji wa Kortrijk peke yake, mbele ya wote, akiwa bingwa, amejaa matope kiasi kwamba mama yake mzazi alimpita na kwenda kumbusu aliyeshika nafasi ya pili. Jeshi lilipotupa kazi ya kupeleka ujumbe kwa baiskeli, askari walikuwa wakija kugusa usukani wake tu, wapate bahati. Yeye alicheka, akawaambia Wajerumani ndio watu wa kwanza kumkimbiza wakiwa na nia kweli ya kumpata.

Hata vitani tuliendesha kwa desturi yetu ya mashindano. Huku kwetu upepo wa baharini hauna huruma, kwa hiyo mmoja hukaa mbele kuukata na mwenzake hujificha nyuma ya gurudumu lake. Tulipokezana kila baada ya nguzo ishirini za simu. Wa mbele akishamaliza hutikisa kiwiko, anasogea pembeni, na wa nyuma anapita bila kuuliza. Kuuliza ni kumtukana mwenzako, kana kwamba umemwita mvivu. Odiel hakuwahi hata kuhesabu nguzo nikiwa mimi mbele. Aliangalia gurudumu langu, basi.

Sasa kuna kipande cha barabara tunakiita Kikaango. Miti yake yote imeangushwa na mizinga, na adui anakiona chote kutoka ng'ambo ya maji. Mdunguaji wao humngoja wa kwanza kutokeza. Wa pili hupata nafasi ya kujitupa mtaroni. Tulikipita mara sita, na mara zote sita ilitokea kuwa zamu ya Odiel. Sikupanga hayo, naapa. Lakini nilifurahi, dada, nami niliona aibu kufurahi.

Asubuhi ile ya Agosti nilihesabu tangu darajani nikaona safari hii Kikaango kinaniangukia mimi. Nikaanza kuyumba barabarani. Nilijiambia nguzo moja tu, halafu nyingine. Nilipofika ya kumi na mbili, miti ya mwisho ilikuwa mbele yangu, na ng'ambo yake mwanga mtupu.

Nilitikisa kiwiko.

Zilikuwa zimebaki nguzo nane. Yeye alipita kwa nguvu kama kawaida yake, akanitupia maneno: "Shemeji, leo umekula nini, mbona unapepesuka?" Hayo ndiyo ya mwisho aliyosema. Nilisikia mlio mmoja. Mimi nikajitupa mtaroni, na pale nilikaa uso kwenye maji mpaka wenzetu walipokuja, sikumwendea hata kumshika mkono.

Kapteni ndiye aliyesema lazima bingwa aliruka mbele ili amwokoe ndugu wa mke wake. Aliniuliza kama ndivyo. Niliitikia kwa kichwa. Akakuandikia wewe, padre naye akahubiri, nami nikazidi kunyamaza, na kadiri watu walivyonipa pole ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Basi sasa unajua. Hakunikinga. Aliniamini tu, nami nikamtanguliza. Usimpe padre jina langu kabla hujakaa na maneno haya, na ukiamua mtoto ashikwe na mtu mwingine, sitakulaumu, wala usijisumbue kunieleza.

Nisalimie mama mwenye nyumba na majirani wa huko. Barua hii nampa mpishi anayekwenda Kales adhuhuri hii, kwa sababu kesho asubuhi natumwa tena njia ile ile, na safari hii niko peke yangu. Naogopa sana, dada. Lakini kufa huku wewe unanishukuru ndiko ninakokuogopa zaidi.

Mdogo wako,
Aloïs