Njoo Tushuke Pamoja

Mtaa wa Chemchemi, Nambari 7,
Lourán, Galisia.
Jumatatu, 20 Mei 2024.

Mpendwa Mjomba Breixo,

Kabla ya neno jingine lolote, nakuamkia kwa heshima anayostahili kaka wa mama yangu. U hali gani huko Basel? Mgongo unaendeleaje, na je, kiwandani bado wanakupanga zamu za alfajiri? Sisi hapa tu wazima, isipokuwa goti la Bibi Eladia, ambalo sasa linazipinga ngazi za uwanjani kwa ukaidi uleule ambao yeye mwenyewe humpinga nao daktari.

Nimerudi nyumbani kutoka Santiago kwa wiki mbili. Wenzangu katika baraza la wanafunzi nimewaambia kwamba maandamano yanaweza kuahirishwa, lakini Jumapili hii haiwezi. Walinicheka sana. Siwalaumu, hawakuzaliwa Lourán.

Najua huko unafuatilia, hata kama kwa simu unajifanya hujui. Tumefika siku ya mwisho ya ligi tukiwa pointi moja tu juu ya Almenza, na mmoja wetu lazima ashuke daraja. Tukishinda, tumebaki. Tukitoka sare au tukifungwa, hatima yetu itakuwa mikononi mwa Almenza. Nao wageni wetu si wengine ila Castroalba, ambao wasipotufunga wanaupoteza ubingwa. Jiulize, Mjomba: ni haki gani hii inayowakutanisha mwenye njaa ya taji na mwenye njaa ya uhai, kisha ikatoa mpira mmoja tu?

Nimewatazama Castroalba mara tatu msimu huu. Winga wao wa kushoto ana kasi ya kutisha, na atakayemkaba ni Seoane wetu, mwenye moyo wa simba na miguu ya mzee. Mshambuliaji wetu hajaona nyavu tangu Pasaka. Tulichonacho ni kipa, mvua tukijaliwa, na watu wetu jukwaani. Watu wa Lourán hawajawahi kumwacha mgeni acheze kwa raha.

Sasa naja kwenye jambo ambalo familia nzima hulizunguka kama shimo barabarani. Mimi sitalizunguka.

Siku ya mwisho mechi zote huanza saa moja, na uwanja ukijaa mtandao wa simu hufa. Ndiyo maana hadi leo kila safu hutegemea mtu mmoja mwenye redio ya betri, sikio la safu, anayewaambia wenzake yanayotokea kwenye viwanja vingine. Sikio la safu yetu ulikuwa wewe. Miaka tisa iliyopita ulitangaza kwamba wapinzani wetu wa kushuka daraja wamefungwa bao kwenye uwanja mwingine, ukairusha redio juu, ukamkumbatia Fuco wa duka la rangi. Furaha ikatoka safu hadi safu, ikafika benchi, na vijana wetu wakaanza kurudisha mpira nyuma ili dakika ziishe. Kumbe mfungaji alikuwa ameotea na bao lilikataliwa, lakini redio ilikuwa vipande vipande sakafuni na hakuna aliyelisikia hilo. Tulishuka. Wiki ile ile ukapanda treni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Leo ninasoma sheria, nami nauliza kama ninavyouliza darasani: redio moja inawezaje kuishusha timu iliyokuwa imefungwa mechi ishirini? Wako wapi waliomuuza kiungo wetu katikati ya msimu? Yuko wapi kocha aliyeona wachezaji wake wamelala na akakaa kimya? Mji mzima ulihitaji mkosaji mmoja, na wewe ukaukubalia haraka mno.

Hayo ndiyo niliyoyasema Alhamisi kwenye mkutano wa mashabiki, mkahawani kwa Sindo. Nilisimama juu ya kiti. Fuco akanikatiza kabla sijamaliza.

"Wakili, shuka chini, kiti hicho ni cha Sindo na kina mguu mbovu."

"Sishuki mpaka unijibu, Mzee Fuco. Ulimwambia nini mjomba wangu siku ile?"

"Nilimwambia asinitazame tena usoni." Akakoroga kahawa yake. "Na mwenyewe akatii, mjinga yule. Nani alimwambia anitii? Kwa miaka ishirini kabla ya hapo hakuwahi kunitii hata mara moja."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mwambie aje," akasema. "Safu yetu imekuwa kiziwi. Mwaka jana sikio letu lilikuwa shemeji yangu, akasinzia. Ila mwambie hivi: asirushe kitu mpaka refa aelekeze katikati ya uwanja."

Nimekuandikia maneno yake kama yalivyotoka. Ukimjua Fuco, unajua kwamba hayo kwake ni kupiga magoti.

Na Bibi, mama yako, je? Hasemi. Lakini kila Julai huenda mwenyewe kuhuisha kadi yako ya uanachama. Kila mechi huweka mkoba wake juu ya kiti chako, na mtu akiuliza kama pana nafasi, humjibu bila kupepesa jicho: "Kina mwenyewe, amekwenda kununua mbegu za alizeti za kutafuna." Miaka tisa unanunua mbegu, Mjomba. Juzi alitamka kwamba Jumapili ndiyo mara yake ya mwisho kupanda ngazi zile. Mama alitoka jikoni akalilia uani. Sijui lililomliza ni goti au ni wewe.

Najua utafikiri nakuita uje uuone ushindi unaofuta kila kitu. Laiti ningeweza kukuahidi hivyo. Umeniuliza utabiri kila msimu, na sijawahi kukudanganya ili kukufurahisha. Utabiri wangu ni sare ya bao moja kwa moja. Almenza wako nyumbani, wanacheza na timu iliyokwisha kushuka ambayo haina sababu ya kujichosha, watashinda. Tutashuka, Mjomba. Hapa hakuna anayethubutu kulitamka hilo, nami nalitamka kwako peke yako.

Na ndiyo sababu nakutaka uwepo. Nataka tushuke ukiwa umeketi kati ya Bibi na Fuco, ukiwa umesema kweli kuhusu kila bao, na bado tukashuka. Nataka uone jinsi watu wanavyolia, wanavyolaani, wanavyokunja skafu zao na kuteremka mjini kula pweza, wala hakuna hata mmoja anayegeuka kukutafuta. Kisha Jumatatu uamke nyumbani.

Dada yako Carme anakusalimu, na Sindo pia. Kwa upande wako nisalimie Amaro na Wagalisia wote wa zamu yenu. Mwenyezi Mungu akulinde njiani, ikiwa utakubali kuwa na njia. Nitakuwa kituoni Jumamosi treni zote za kutoka Madrid zinapoingia, hata ile ya mwisho.

Mpwa wako akupendaye na kukungoja,
Uxía