Akika Tuliyoisusia

Jumapili, Machi 1973. Theluji inayeyuka na kuwa tope jeusi. Stockholm imenuna, na mimi nimeizidi.

Mchana tulikwenda sinema, wanachama kumi na mmoja wa chama chetu cha wahamiaji, kutazama filamu ya zamani ya macowboy. Si kwamba tuliitaka. Tulitaka mahali pa kuwa saa ile Bakari akifanya akika ya bintiye kule Södertälje, maana tulikwisha kukubaliana kumsusia. "Heri risasi za Wazungu kuliko pilau ya mchongezi," alisema Odhiambo, na sote tukacheka.

Mchongezi huyo nilimtengeneza mimi.

Vuli iliyopita mwenzetu mmoja aliyefanya kazi bila kibali alikamatwa, akarudishwa kwao. Kwenye mkutano wa chama nilisimama nikauliza ni nani kati yetu ameonekana mara mbili akiingia polisi, ofisi ya wageni. Vichwa vyote vikamgeukia Bakari. Alisema tu kwamba alikuwa na shida zake. Nikamjibu kwa nusu saa, nikapigiwa makofi. Nimesoma vitabu vingi juu ya haki, na siku ile nilivitumia vyote.

Katika filamu, fundi viatu anasingiziwa wizi na mauaji. Watu wa mji wake, wenye viatu alivyowashonea miguuni, wanamfungia milango, kisha wanamnyonga. Ushahidi wao ni kwamba alionekana njiani.

Odhiambo alifuta machozi kwa ncha ya skafu. Tulipotoka akaniambia, "Wapumbavu wale, kaka. Si wangemuuliza tu alikuwa anakwenda wapi?"

Nilimwacha hapo. Nilikwenda stesheni, nikapanda treni ya Södertälje.

Bakari alifungua mlango, akatazama nyuma yangu kama kuna wengine. Sebuleni mikeka ilikuwa imetandikwa ukuta hadi ukuta, masinia yamefunikwa, hakuna mtu. Mkewe, Mwanaidi, aliyefika nchi hii Januari na mimba kubwa, alinikaribisha kwa furaha iliyonichoma. Akauliza wengine wako wapi. Bakari akawahi kusema treni zimechelewa.

Kumbe hajamwambia.

"Kula, shemeji," alisema Mwanaidi. "Ndugu yako huyu amehangaika. Alipanga foleni polisi mara mbili kwa ajili ya karatasi zangu. La sivyo mtoto angezaliwa baba hayupo."

Bakari aliinamia sinia. Angeweza kuniumbua kwa neno moja. Alinisogezea nyama.

Nilikula. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nilikula na kusifu viungo.

Aliponisindikiza hadi ngazini nilifungua kinywa, akanizuia kwa mkono.

"Usinitake radhi hapa," alisema polepole. "Ulisema mbele ya watu."

Jumamosi kuna mkutano. Nitawaambia sikuwa na ushahidi wowote, wala sikuutafuta. Najua watakachonifanyia; ni mimi niliyewafundisha.