Maharage ya Bibi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Paka amezaa ndani ya boksi la karatasi zako.

Uliposafiri uliniachia majibu yako niyachape, maana gazeti lilitaka kujua mwandishi wa riwaya kama wewe anapenda kitabu gani, wimbo gani na chakula gani cha sikukuu. Ile karatasi niliipoteza. Nikaona haya kukupigia simu, nikajaza mwenyewe. Wimbo niliujua, huwa unauimba ukipiga pasi. Kitabu nilikisia. Kwenye chakula nikaandika kuku wa kukaanga, ambaye nampenda mimi.

Juzi majibu yalitoka, nikamsomea bibi gazeti. Alicheka kidogo.

"Kumbe miaka yote mwanangu anakula maharage yangu kwa adabu tu?"

"Labda, bibi," nikasema. Labda! Heri ningekuwa bubu.

Sasa ameagiza kuku wa sikukuu, na chungu chake cha maharage amekipandisha juu ya kabati.

Leo nimeiona karatasi yako chini ya watoto wa paka. Umeandika: "Maharage ya mama. Hakuna kingine."

Nimekishusha chungu. Bibi akiuliza, nitamsomea ulivyoandika, halafu nitamwambia kuku aliandikwa na nani.

Nisamehe.

Mwanao, mchapaji wako