Kamera Iliyoshikwa na Mtani Msibani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Musoma
Tarehe na saa: 24 Aprili 1999, saa 4:20 asubuhi
Jina: Mwanaupe binti Alawi, maarufu Mama Pazi
Umri: hajui mwaka aliozaliwa, anakadiria miaka 57
Kabila: Mmanyema kwa baba, Mjita kwa mama
Dini: Mwislamu
Elimu: darasa la pili
Kazi: kuuza uji na vitumbua
Makazi: Makoko, Musoma mjini

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Afande amenieleza kwamba nikisema uongo kwa kujua naweza kushitakiwa, na nimeelewa. Nimeomba niseme nikiwa nimekaa kwa sababu miguu imevimba. Tangu jana sijalala.

Pazi Nassibu aliyeko mahabusu ni mwanangu. Nimemzaa na marehemu mume wangu Nassibu, Mzaramo, ambaye baba yake alitoka Kisarawe akaja kushona nguo Bunda. Pazi ni karani kwenye kiwanda cha samaki. Anayo kamera aliyouziwa na padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na lenzi mbili, moja fupi na moja ndefu kama mchi, na flashi. Hafanyi biashara ya picha. Anapenda tu. Jumapili anaamka alfajiri anakwenda kwenye mawe ziwani kupiga picha ndege wale mnandi wakianika mabawa, anarudi suruali imelowa mpaka magotini, anafurahi kama mtu aliyetoka kula sikukuu. Hanywi, havuti. Mimi nikasema, kama ugonjwa wake ni huo tu, Alhamdulillahi.

Mnamo mwezi wa Januari mwaka huu, baada ya Idi, alikuja nyumbani wakala wa bima anaitwa Renatus. Zamani bima tulisikiaga ni mambo ya serikali na magari, siku hizi inaletwa mlangoni kama mitumba. Renatus akaniuliza mimi, "Mama, huyu akipiga watu picha analipwa?" Nikamjibu, "Baba, analipwa na nani? Mimi ananipigaga nikiwa na masizi usoni, halafu ananiletea bure nijione." Wakacheka. Renatus akasema ndiyo vizuri, maana bima anayompa ni ya mtu anayepiga picha kwa kujifurahisha, siku akianza biashara haitamhusu. Akasema pia kitu kikiibiwa lazima polisi wajue ndani ya siku tatu, la sivyo asidai.

Mimi bima sikuipenda. Niliona ni kama kumtandikia mwizi mkeka. Jirani yangu Mama Jeska naye akamcheka Pazi, akamwambia, "Paa la mama yako linavuja, wewe unakatia bima jicho la kioo!" Pazi akamjibu, "Paa haliibiwi, Mama Jeska." Tukaachana nayo.

Mnamo tarehe 17 Aprili, siku ya Jumamosi, tulikuwa Bunda kwenye msiba wa shemeji yangu Mzee Tabu, kaka wa mume wangu. Walikuwepo na wenzake Pazi wa kiwandani, walikuja na gari kumpa pole. Saa saba mchana, baada ya adhuhuri, jeneza lilikuwa linatolewa ndani. Mimi nilikuwa kibarazani na wanawake. Wanaume walikuwa wanagombania kubeba, kama desturi, kila mtu apate thawabu. Pazi alikuwa amesimama juu ya kiti anapiga picha.

Hapo akatokea Luhende. Luhende ni Msukuma wa Bunda, fundi mwashi, ni mtani wetu. Afande mwenyewe anajua Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu mababu. Msibani kwetu mtani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayetuchekesha tusife na sisi. Baba yake Luhende alipomchimbia mume wangu alilala mle ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka alipopewa shuka. Kitu akikishika mtani hakirudi mpaka kigombolewe. Hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye anayechekwa.

Luhende akapiga kelele, "Nyie Wazaramo! Mzee wenu anabebwa, kijana wenu amepanda kitini kama anaanika dagaa! Shuka ubebe!" Pazi akashuka, akaweka kamera kwenye mkoba, akaenda kubeba. Luhende akauchukua ule mkoba mbele ya watu wote, akauning'iniza shingoni, akasema, "Huyu mwanamke nimemwoa. Talaka yake jogoo mmoja, aletwe na Pazi mwenyewe, na Pazi awike kwanza ndipo jogoo afuate." Watu walicheka sana. Hata mjane nilimsikia akicheka kule ndani, ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi.

Waliporudi kaburini nikamwita Pazi pembeni. Nilikuwa nimeshapata jogoo kwa jirani. Nikamwambia, "Baba, nenda kawike, yaishe." Akasema, "Mama, niwike mbele ya watu wa kazini? Kesho kutwa wataniitaje?" Nikambembeleza. Akakataa. Akasema Luhende akichoka atarudisha. Jioni nilipomtafuta Luhende nikaambiwa amepanda lori kwenda Butiama, ana kazi ya ujenzi, na mkoba ameondoka nao. Kwa utani hilo si ajabu. Usipogomboa anakwenda nao mpaka uone aibu. Niliogopa lakini, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Tarehe 19 Aprili, Jumatatu, saa moja jioni, Renatus alipita nyumbani Makoko. Nilikuwa namimina chai. Pazi akamwambia yote, jogoo, kuwika, Butiama, hakuficha hata kimoja. Alitaka ushauri tu. Renatus akamwuliza, "Una uhakika itarudi nzima?" Pazi akatikisa kichwa. Renatus akasema, "Ofisi yangu haijui utani. Ukisema utani hupati kitu, na kesho siku tatu zinaisha. Sema imeibiwa na mtu usiyemjua. Ikirudi, tutaona." Nikasema, "Jamani, si tunamjua?" Renatus akaniambia, "Mama, haya ni mambo ya ofisi." Nikaendelea kumimina chai. Nilidhani ofisi ina namna yake.

Kesho yake Pazi akaja hapa kituoni akasema kama alivyoambiwa. Aliporudi hakula. Nikampelekea maji ya kuoga yakapoa.

Jana tarehe 23 Aprili, Ijumaa, saa kumi jioni, Renatus alikuja nyumbani na askari mmoja kuuliza zaidi habari za wizi huo. Walikuwa wamekaa ndani na Pazi. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta unga. Nikasikia sauti njiani, nikaijua. Ni Luhende. Amejifunga kanga kichwani kama mwari, mkoba ameubeba kwa mikono miwili, watu wa mtaa wanamfuata. Anasema kwa sauti, "Mama Pazi! Huyu binti yako nimemchoka! Hapiki, hafui, anakodoa jicho tu usiku kucha! Nimemrudisha kwao, na jogoo siachi!"

Nilimfanyia ishara anyamaze. Akazidi.

Renatus akatoka, akauangalia ule mkoba, akamgeukia askari akasema, "Afande, hiyo ndiyo kamera inayosemwa imeibiwa. Hawa wamepanga kuidanganya kampuni." Alisema hivyo, mtu niliyemmiminia chai. Luhende alikuwa bado anacheka. Aliposhikwa mkono alicheka, alidhani na askari ni mtani. Pingu ndiyo ilimnyamazisha. Akamwangalia Pazi, akamwuliza, "Mtani, wewe umenishitaki?" Pazi akauangalia mkoba. Akafungwa pingu na yeye.

Mkoba ulifunguliwa pale pale mezani kwangu. Lenzi ndefu ilikuwa imeingia maji, imekuwa nyeupe ndani kama jicho lenye mtoto wa jicho. Luhende akasema kibanda anacholala Butiama kinavuja, alikuwa anaufunika mkoba kwa shati lake, hakujua kama maji yamefika. Mimi namwamini, shati lenyewe lilikuwa bado limezungushiwa.

Leo asubuhi, kabla sijaingia kwa afande, niliruhusiwa kumwona mwanangu kidogo pale kaunta. Akaniambia, "Mama, sema iliibiwa, basi. Sema hukumwona aliyechukua. Mimi nitatoka, na lenzi italipwa." Nikamwuliza, "Na Luhende?" Akasema, "Luhende atajitetea."

Nimekaa kwenye benchi huko nje nikifikiri hilo. Mimi ni mama. Nikisema iliibiwa, mwanangu anarudi nyumbani na mtoto wa mwenzangu anakwenda jela kwa kutuchekesha msibani. Nikisema ilikuwa utani, Luhende anatoka na mwanangu anabaki amesema uongo mbele ya serikali. Kazini wakisikia watamwachisha, na kazi siku hizi ukiipoteza huipati tena, watu wamepunguzwa kila mahali. Nimetafuta njia ya kuwatoa wote wawili nimeikosa. Labda afande anaiona.

Ninalosema ni hili. Kamera haikuibiwa. Ilichukuliwa na mtani, mchana, mbele ya maiti na waombolezaji, Bunda nzima ni shahidi. Luhende si mwizi. Mwizi hamrudishii mtu kitu huku anapiga kelele mtaani. Pazi alisema uongo hapa kituoni, hilo simtetei. Lakini hakuutunga yeye, aliufundishwa nyumbani kwangu, na aliyemfundisha ndiye huyo aliyemleta kwenu. Mwanangu alichoogopa ni kuwika. Kama angewika siku ile tungekuwa tunacheka mpaka leo.

Bima mkiivunja, ivunjwe. Lenzi imekufa, na mimi sina cha kumnunulia nyingine. Lakini sisi Bunda bado tuna wazee, na mimi mwenyewe nina siku zangu. Tukimfunga mtani, nani atakubali kutuchimbia? Na nani ataingia nyumbani mwetu kutuchekesha siku hiyo? Akina Luhende wote watasema, waacheni, hao wana bima.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kwa masikio yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa. Sina zaidi, ila naomba mwanangu apewe blanketi, ana kifua.

Dole gumba la kulia la shahidi: [alama]
Mwanaupe binti Alawi

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi WP Koplo Euphrasia nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa kwa Kiswahili, nikamsomea yote naye akakubali kuwa ni sahihi. Nilipofika mahali panapohusu mazungumzo yake na mtuhumiwa Pazi pale kaunta, shahidi aliniomba nipafute. Nilimweleza kwamba ana haki ya kurekebisha maelezo yake, kwamba nitapiga mstari na maneno yataendelea kusomeka, na ataweka dole pembeni. Kisha akasema, "Basi yaache, mwanangu, ni kweli aliyasema. Lakini ongeza kwamba aliyasema huku analia, na kwamba alipotaja Luhende aliangalia chini." Nimeyaongeza hapa kama alivyotaka, nimemsomea, naye ameweka dole gumba mara ya pili.

[alama]

Saa 6:05 mchana.